Nyumba Ambayo Hawakuitaka

Baba yangu alikuwa mtu wa kukadiria bei ya kila kitu, hata madirisha ya kanisa misa ikiendelea. Ili ajenge nyumba ya kupangisha mjini Bukoba aliuza kibanja chetu cha Kanazi, shamba la ukoo pamoja na nyumba, migomba na mibuni yote, kaburi la babu likiwa humo humo. Sisi huzika kibanjani. Anayeuza kibanja anauza na wafu wake. Ukoo ukawaka. Wazee wakatulizwa kwa sharti lililoandikwa kwenye karatasi: mnunuzi, mchuuzi wa kahawa kutoka Kagoma, asikanyage pale maadamu bibi yangu, mama yake baba, anaishi humo. Siku bibi akihama, kibanja ni cha mnunuzi moja kwa moja.

Baba alijiona mjanja kweli. Kauza, na mama yake bado anakula ndizi zile zile.

Kisha redio ikatangaza kuwa serikali inatwaa majumba ya kupangisha, ila nyumba anayokaa mwenyewe haitaguswa. Baba alikuwa na duka Muleba, hakutaka kuliacha. Akamfukuza mpangaji wake, fundi cherehani aliyekuwa na mke mjamzito, sufuria zao zikatupwa uani. Halafu akapanda basi kwenda kumchukua bibi, aje akae kama mwenye nyumba.

“Baba, na lile sharti?” nilimwuliza.

“Wiki mbili tu. Nani atajua?”

Kanazi nzima ingejua kabla basi halijawasha injini. Nilijua hivyo. Nilikuwa mwalimu Kashozi, mtu mzima mwenye mshahara, na bado nilimwacha aende.

Bibi alikaa kwenye chumba kinachonuka ukungu na mkojo wa panya. Aliomba nyasi za kutandika sakafuni kama kwake. Nikamkatia kando ya barabara, nikatandika juu ya sementi, akatabasamu kidogo. Baba alipofika alizifagia zote hadi nje.

“Mnataka waseme ni zizi?”

Nilimtazama akimfagilia mama yake miguuni.

Siku ya ukaguzi baba aliniita nitafsiri, kwa kuwa bibi alijua Kihaya tu na ofisa alikuwa mgeni mkoani. Ofisa akauliza kwa upole kama pale ni nyumbani kwake.

“Waitu,” bibi alimjibu kwa heshima, kwa Kihaya, “kwangu ni Kanazi, mume wangu amelala kule. Hapa nimeletwa tu. Mwambie huyu mwanangu anirudishe.”

Baba alinikazia macho.

“Anasema ndiyo,” nilitafsiri. “Hapa ndipo kwake.”

Bibi aliitikia kwa kichwa, akiamini nimefikisha ombi lake. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Ofisa alipima kuta kwa kamba, akatazama bati, akafunga daftari.

“Mzee, usihangaike. Hata ingekuwa ya kupangisha tusingeichukua. Thamani yake haifiki kabisa kiwango cha serikali.”

Ungedhani baba angeshukuru. Alijiona ametukanwa. Alimfuata yule mtu hadi barabarani akimwonyesha matofali, akibishana kwamba nyumba yake ina thamani kubwa, waipime upya. Aibu ilinishika, nikajifungia ndani.

Jumapili nilimrudisha bibi Kanazi. Njiani alikuwa mchangamfu, akipanga mkungu upi akate kwanza. Tulikuta mlango una kufuli jipya na migomba ya mbele imefyekwa mpaka ukingoni mwa kaburi, vigogo vikiwa vimeanza kuoza na kujaa inzi. Mchuuzi akatokea nyuma ya nyumba na ile karatasi ya sharti. Hakutukana, hakupaza sauti. Alinikabidhi tu.

“Mwalimu, msomee mwenyewe.”

Karatasi iliandikwa kwa Kiswahili. Bibi alinishika mkono.

“Inasemaje, mwanangu?”

Safari hii nilimtafsiria neno kwa neno.