Nilimkodishia Jirani Sululu za Kuchimbia Kaburi la Mtoto Wake

Admin, naomba unifichie jina, ingawa wa huku Rwamgasa watanijua tu. Nina miaka sitini na tatu. Nimefiwa na mke wangu majuzi, na nimechoka. Naandika kwa kidole kimoja, na nimekuja hapa kwa sababu binti yangu kaniambia ushauri wa humu ni bure. Chekeni, nimezoea.

Kazi yangu ni kukodisha vifaa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu: sululu, chepe, kamba, pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Mtu akishuka shimoni na sululu yangu, apate dhahabu asipate, mimi nalipwa. Huku wananiita Mkono wa Birika. Jina hilo halikuniuma hata siku moja, maana hao hao walioniita hivyo ndio waliopanga foleni kwenye stoo yangu asubuhi.

Sikuzaliwa hivi. Baba yangu alipokufa kule Shinyanga, ndugu zake waligawana ng'ombe wote sisi watoto tukitazama. Nikaapa sitamtegemea mtu maisha yangu yote. Kiapo hicho nimekishika kuliko hata kile cha ndoa.

Sasa nisikilizeni. Miaka tisa iliyopita jirani yangu alifiwa na mtoto wake wa kwanza, Limi, kwa homa. Hadi leo tunamwita Baba Limi. Alikuja kwangu kuomba sululu mbili na chepe mbili wakachimbe kaburi. Nikamwambia vifaa ni vya biashara. Hakubishana. Hakuwa na hela, akaniachia baiskeli yake kama rehani. Siku hiyo mvua ilinyesha, wakamaliza wamechelewa, vifaa vikarudi kesho yake. Nikamtoza siku mbili. Alishindwa kulipa, baiskeli ikabaki. Nilijaribu kuiuza, lakini kila niliyemwonyesha alijua ni ya nani. Bado inaning'inia stoo.

Tangu hapo watu waliacha kuja kwangu bila shida ya kikazi. Misiba yao sikwenda, na ya kwangu sikuwa nayo, nikaona tuko sawa. Mke wangu, Mama Kulwa, aliniambia mara moja tu, "Baba Kulwa, mtu ni watu." Nikamjibu watu ni gharama. Hakurudia.

Alipofariki nilijua nitamzika peke yangu na wanangu wawili. Lakini asubuhi mtaa mzima ulikuja. Wanawake walikuja na masufuria yao, kuni zao, na maji walichota bomba la mbali, wakati tenki langu limejaa. Wanaume walikuja na Baba Limi mbele, mabegani wana sululu zilizochakaa. Nikakimbilia stoo, nikatoka na mpya nne, nikampa mkononi.

Akanisalimia vizuri tu. "Shikamoo baba. Pole sana. Tunazo za kwetu. Tumekuja kwa ajili ya Mama Kulwa."

Nikabaki nimezishika kama mlinzi. Walimzika vizuri mno. Baada ya maziko wakakusanya kila walicholeta, hadi mkaa uliobaki, na nyumba ikawa kimya.

Ndipo nikajua. Miaka yote aliponiaga kwamba anakwenda jumuiya, mara nyingi alikuwa misibani. Alikuwa mwanachama wa chama cha kuzikana, mchango wake anautoa kwenye michembe, viazi vitamu alivyokuwa akikausha na kuuza. Nikamuuliza binti yangu Doto kama alijua. Akaniangalia, akasema, "Baba, unafikiri mimi na Kulwa tulikuwa tunashibia wapi? Tulikuwa tunakula kwa mama yake Baba Limi." Wamesharudi Kahama wote wawili. Wanapiga simu Jumapili, dakika mbili.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Baba Limi, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama, nikamwambia nataka kujiunga, ataje kiingilio chochote. Akasema, "Baba, kwetu kiingilio siyo hela. Mtu anaingia kwa kuchimba kaburi la mwenzake. Ukishachimba, njoo tukuandike."

Mungu anisamehe, tangu siku hiyo nimekuwa nikisubiri mtu afe. Kila nikisikia kengele ya kanisani natoka mlangoni. Ndipo nilipofika, jamani, mzee mzima.

Leo asubuhi ikapigwa. Amefariki mama yake Baba Limi. Bibi aliyewalisha wanangu.

Maziko ni kesho mchana, wachimbaji wanaanza saa mbili asubuhi. Sululu nimeitoa, ile ninayoitumia mwenyewe. Hilo nimeamua, nitakwenda, wakinifukuza wanifukuze. Kinachonisumbua ni baiskeli. Nimeishusha, nimeifuta vumbi, nimeijaza upepo. Nikienda nayo, nitakuwa namkumbusha kaburi la Limi siku anayomzika mama yake, na watasema Mkono wa Birika kaja kununua nafasi. Nikiiacha, nitasimama kaburini kwa mama yake huku mali yake iko kwangu, na kila anayechimba pale anajua.

Naogopa kufa, sitawaficha. Lakini zaidi naogopa kulala mbali na Mama Kulwa, aliyezikwa kwenye makaburi ya chama, nikatupwa kwenye shimo lililochimbwa na vibarua niliowalipa.

Wenye busara nisaidieni kabla ya saa mbili asubuhi. Niende nayo, au niende na sululu peke yake?