Shangazi Alikuja Akiikokota Baiskeli

Mjukuu wangu wa kike anafufua baiskeli. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asiyependa aache kusoma. Mimi shule niliishia madarasa ya chini, naandika kama ninavyosema, na nikimsifu mjukuu wangu simwombi mtu radhi.

Baiskeli zenyewe si zile nyeusi za chuma tulizozikuta kwa waume zetu. Ni za mtumba, za gia, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa huko nje wanaopanda milima kwa starehe zao. Zinashuka bandarini Dar zimeng'ang'aniana kama kaa kwenye tenga, na zikifika huku Bagamoyo watu wanazigombea kwa rangi. Haupiti muda zimetupwa nyuma ya nyumba. Maana huku mlima uko wapi? Barabara ya kwenda Kerege ni lami, na hilo libaiskeli lina matairi ya meno kama trekta, likipita linanguruma utadhani mtu anasaga karanga. Mbele limewekewa springi. Ukikanyaga pedali nguvu zote zinaishia kwenye springi, baiskeli inainama na kuinuka kama bata anayekunywa maji, na wewe uko palepale. Mahali pa kufunga tenga hakuna. Madigadi hakuna, mvua ikinyesha matope yanakuchora mstari wa mgongo mpaka kisogoni. Na aliyevaa baibui ndiyo kabisa, cheni iko wazi inasubiri kula nguo.

Spana mjukuu wangu alijifunza kwa babu yake, marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi baiskeli mpaka mikono ilipomkataa. Babu alikuwa akimwita "mke wangu", kama babu wote wanavyowaita wajukuu zao, kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza, na tunatukanana kama wake wenza. Mzee alipofariki kila mtu alijua vile vifaa vitauzwa. Nilipotoka eda nikakuta uani baiskeli za gia zimelazwa chali, na mke mwenzangu kakaa katikati, pua nyeusi kwa grisi.

"Unazifanya nini?"

"Nazivua ujinga," akanijibu.

Na kweli alizivua. Ile miguu ya mbele ya springi aliitoa, akafunga migumu iliyonyooka kutoka baiskeli mbovu nyingine. Matairi ya meno yakaenda kando, akavisha membamba yenye uso laini. Gia za mbele akabakiza moja. Nikamuuliza mbona anapunguza vitu vya watu, akasema, "Bibi, mtu anataka kufika sokoni, hataki kufanya mahesabu njiani." Usukani akautafutia wa kupinda, unaomfuata mpandaji, ili mtu akae wima kama mtu mwenye heshima zake. Nyuma karia ya nondo ya kufungia tenga, chini stendi ya miguu miwili, na kwa wanawake kifuniko cha cheni alichokikata kwenye debe la mafuta ya kula, kikapigwa rangi. Nikaiinua kwa mkono mmoja. Mimi, na magoti haya.

Halafu nikaipanda. Nimezaliwa Pangani, na sisi tulipanda baiskeli tangu wasichana. Nikazunguka uani mara kadhaa, kuku wakaruka ukuta, jirani akachungulia akasema, "Bi mkubwa, utavunjika." Nikamwambia anipishe njia kwanza.

Basi wateja wakaja. Wauza samaki, walimu, mama wa mboga, mtu na libaiskeli lake. Na Jumamosi moja akaja kijana anayefundisha shule ya msingi huko Kerege. Tulimsikia kabla hatujamwona, ile ngurumo ya matairi inakata kona. Akatengenezewa, akaondoka kimya kama mwewe. Jumamosi iliyofuata akarudi, breki. Kisha kengele. Kisha eti siti iko juu kidogo. Nikamwambia mke mwenzangu, "Hiyo baiskeli haina ugonjwa. Mgonjwa ni yeye." Akainama kwenye tairi asinionyeshe uso, lakini masikio niliyaona.

Kijana huyu hana mama wala baba. Kalelewa na shangazi yake, mwanamke wa Kerege anayepika mafuta ya nazi na kuyatembeza kwa madumu mpaka kwa wateja. Bila ndiyo ya shangazi hakuna posa. Kijana naye hakuwa mjinga, akaona amlainishe mapema: akamwagizia shangazi baiskeli kwa mjukuu wangu. Mtoto aliitengeneza ile kama anaipeleka kwa mfalme. Nyekundu, ina kishikio cha dumu kila upande, chini kabisa ili mzigo usiyumbe. Tukasema hapo tumemaliza kazi.

Hatukumaliza. Kabla posa haijaja lilitangulia neno. Shangazi anasema binti mzuri, nyumba nzuri, lakini siku akiolewa aweke spana chini. Hataki mke wa mwanawe anuke oili.

Mwanangu, baba wa binti, akaona hilo si jambo la kuvunja ndoa. Kijana alisema yeye mwenyewe hana neno na spana, ila hawezi kumpanda kichwani aliyemlea. Na mke mwenzangu aliacha kula. Alikaa mbele ya sahani ya wali wa nazi na papa wa kukaanga, chakula ambacho siku nyingine ananiibia, akakichorachora kwa kidole.

"Namtaka, bibi," akasema. "Na kazi yangu naitaka. Nikiiacha nitaamka asubuhi niwe nani?"

Nilimwambia ale, papa anapoa.

Siku ya posa tukafukiza udi, tukampaka hina mikononi, tukamvisha dera la hariri. Kwetu siku hiyo binti hukaa chumbani nyuma ya pazia. Haonekani, wala sauti yake haisikiki, mpaka wakubwa wamalize. Wanaume wakakaa barazani na mwanangu. Wanawake wakapitia mlango wa uani, na masinia yao kichwani, na wa mwisho kuingia alikuwa shangazi, anaikokota baiskeli nyekundu.

Walikuja kwa gari la kukodi, baiskeli imefungwa juu. Aliishusha kule kona makusudi, aikokote, mtaa mzima uone.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona waikokota, haipandwi?"

"Ilikuwa ikipandwa." Akaiegemeza ukutani kwangu kama anarudisha mbuzi mgonjwa kwa aliyemuuzia. "Imekufa. Nimerudia kubeba madumu kichwani, shingo imeingia mabegani. Nikasema niilete, muione kazi ya binti yenu kabla hatujasema mengine."

Nikaenda nikainama. Cheni ilikuwa nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, mchanga umeshikamana nayo pande zote, haikunjiki. Na juu yake sisimizi wanapita kwa mstari, wanakwenda na kurudi, wamejenga mji. Nikainusa.

"Mwanangu, hii umeitia nini?"

"Mafuta. Ya mkono wangu mwenyewe, si ya dukani. Kila asubuhi naimiminia. Siinyimi."

Sasa utamlaumu vipi? Mtu wa pwani mafuta ya nazi ndiyo dawa ya kila kitu. Mlango ukilia tunaupaka, goti likilia tunalipaka, mtoto akizaliwa tunampaka. Na yeye ndiye mpikaji. Hapo nyuma ya pazia la dirisha nikasikia kitu kama mvuke unatoka kwenye sufuria.

"Bibi. Mafuta ya taa. Chini ya kabati."

Nikakohoa kwa nguvu. Shangazi akageuza shingo, ile shingo mbovu. "Kuna mtu ndani?"

"Paka," nikasema.

"Paka wenu anataka mafuta ya taa?"

Nikajifanya sikusikia. Nikaleta mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikapandisha dera langu jipya, nikachuchumaa. Nikaanza kusugua. Mchanga unaruka, sisimizi wananipanda mikononi, wale wanawake wameshika visheti hawali.

"Si hivyo," paka akanong'ona. "Zungusha pedali kwa nyuma."

Nikazungusha.

"Nyuma, bibi. Hiyo ni mbele."

"Sugua wewe basi," nikasema, na nilisahau kunong'ona.

Mmoja wa wanawake alicheka, akaziba mdomo na mtandio. Shangazi hakucheka. Alitazama dirisha, akatazama baiskeli, akanitazama mimi nilivyokaa pale kama mtu anayeosha samaki siku ya harusi.

"Mtoeni huyo paka," akasema.

"Desturi hairuhusu," akasema mwenzake.

"Mimi ndiye mwenye kijana. Nimeruhusu. Kama ana la kusema aje aseme hapa, ananiumiza masikio."

Akatoka. Dera la hariri, hina mpaka kwenye vifundo, kichwa chini. Akapiga goti. "Shikamoo shangazi." Akaitikiwa. Nilidhani atabaki pale chini kama binti anayeposwa, lakini jicho lilishaikimbilia cheni. Aliifungua kwa koleo, akaitumbukiza kwenye bakuli langu zuri la kaimati, akaimwagia mafuta ya taa.

"Bakuli langu," nikasema. Hakuna aliyenijali.

"Hina yako itaharibika," shangazi akamwambia.

"Hii imeshakolea, shangazi, haitoki." Huku anasugua. "Mafuta yako ni mazuri mno, ndiyo taabu. Asubuhi yakipoa yanaganda kwenye pingili za cheni. Unapita mchangani, mchanga unanasa. Ukizungusha, unasaga chuma kama jiwe la kusagia. Kosa ni langu, sikukuambia. Nilidhani utatia oili ya cherehani tu, kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tone kwa kila pingili, kisha unafuta kwa kitambaa. Ukiiona inang'aa, umezidisha."

Shangazi akasogea. Kisha akasogea tena, akakunja baibui, akachuchumaa upande wa pili. Mjukuu wangu akampa kitambaa bila kumtazama, kama unavyompa mtu wa nyumbani, naye akakipokea. Wakafuta cheni kutoka ncha mbili mpaka mikono ikakutana. Wala hawakuongea habari za ndoa. Shangazi aliuliza kwa nini pedali ya kushoto inagonga, akaonyeshwa. Akauliza upepo ujazwe mara ngapi, akaambiwa aminye tairi kwa kidole gumba.

Cheni ikarudi mahali pake. Mtoto akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, likaenda lenyewe bila sauti. Shangazi alilitazama mpaka likasimama.

"Niijaribu," akasema.

Akatoka nayo mlango wa uani. Tukamwona kupitia mlango anapanda na kukata kona, kisha hatukumwona.

Tukakaa. Visheti vikaisha. Mwanangu akaja mlangoni akiangalia chini kwa heshima. "Mama, wazee wanauliza huku mmefikia wapi."

"Shangazi hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hatujui. Amepanda baiskeli."

"Mwenye posa ametoroka?"

"Rudi ukawape kahawa."

Mke mwenzangu alikuwa amekaa chini karibu na bakuli langu, vidole vinanuka mafuta ya taa juu ya ile hina, anatazama mlango. Nilikaa karibu naye. Nikamshika mkono.

Shangazi akarudi. Alipita kona akipiga kengele ingawa njia ilikuwa tupu, mtandio umeangukia mabegani, jasho usoni, na uso wenyewe umepungua miaka. Akashuka, akaweka stendi kwa mguu kama aliyezaliwa nayo. Akaomba maji, akanywa yote.

"Nimefika mpaka kwenye mnada wa samaki," akasema. "Nimempita kijana wa pikipiki aliyesimama." Akajifuta. "Mama, nilikuwa nimekuja na neno."

"Neno lako tunalijua."

"Niliogopa watu. Watasema mwanangu kaoa fundi, wali wa mkewe unanuka oili."

"Na watasema kweli," nikamwambia. "Watasema."

"Waseme. Nikimkataza huyu, nani ataniangalia hii?" Akaigonga siti. "Nikipata pancha kule Kerege niikokote mpaka Bagamoyo? Kwangu kuna banda la kufulia nazi, lina kivuli, liko kando ya barabara. Nitazihamisha nazi." Kisha akamgeukia binti, akakaza uso. "Lakini kuna sharti."

Mtoto akainamisha kichwa.

"Asubuhi unaanza na yangu, ndipo za wateja."

Kwa desturi binti hapo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali. Huyu wangu akainua kichwa. "Nimekubali, shangazi. Na wewe mafuta yako yakae jikoni."

"Mnamsikia?" shangazi akawaambia wenzake. "Hajaingia kwangu, ameshanitoa kwenye cheni yangu."

Vigelegele vikapigwa mpaka jirani akachungulia tena ukutani. Nikaenda barazani, nikamwambia mwanangu apakue pilau, mambo yamekwisha. Akashusha pumzi. Akauliza kama binti sasa arudi chumbani kama inavyotakiwa.

Nikamwambia asubiri kidogo. Mjomba wa bwana harusi, anayekaa hapahapa mjini, alikuwa ameshavua kofia na kuingiza baiskeli yake uani, ya gia, matairi ya meno, na mke mwenzangu alikuwa anaigeuza chali.