Twiga Juu ya Ukungu Wangu

Mlima Meru haupendi kutazamwa. Miaka ile ya mwanzo wa soko huria, maduka ya vinyago yalipoota mjini kama uyoga, nilikuwa nikiishi Lemara, na kila alfajiri niliamka kuuwahi mlima kabla haujajifunika. Mara nyingi nilichelewa. Basi nikaanza kuchora huo ukungu ulionitangulia.

Nililowesha karatasi, nikadondosha rangi za maji, kijivu, bluu na kijani cha migomba, nikaziacha zitambae zitakavyo. Ndani yake hamkuwa na mti wala nyumba wala mtu. Rangi ya maji haina msamaha. Ukiigusa mara ya pili umeshaichafua. Kwa picha moja iliyokubali niliharibu kumi. Dada yangu alizitazama akauliza nani kamwaga chai.

Mwenye duka mmoja la vinyago, tuliyekuwa tukiimba naye kwaya, alikubali kuchukua nne. Alizigeuza juu chini.

"Sasa dada, mnyama yuko wapi?"

"Hakuna mnyama, kaka. Ni asubuhi."

"Asubuhi kila mtu anayo kwao."

Nilimsihi azitundike hivyo hivyo, hata mwezi mmoja tu. Nilichotaka ni mtu mmoja nisiyemjua asimame mbele ya ukungu wangu, autazame. Akasema sawa, tumwachie Mungu.

Niliporudi baada ya wiki tatu, zote zilikuwa dirishani. Katikati ya ukungu, pale paliponigharimu siku nzima, alisimama twiga wa wino mweusi, na kando yake mgunga kama mwavuli. Picha nne, twiga yule yule. Jina langu lilikuwa pale chini, halikuguswa.

"Nimekusaidia," mwenye duka akasema. "Nimewachora mwenyewe, wala sikudai kitu."

Alimaanisha, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Angekuwa mwizi ningejua la kumwambia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, mara mama mmoja wa Kizungu akaingia, akasimama mbele ya picha. Alisimama muda mrefu. Mwenye duka akanionyesha kwa kidole: mchoraji ndiye huyu. Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza, kwa Kiswahili cha kitabuni, nilimwona wapi twiga mzuri hivi.

Nilizaliwa chini ya mlima ule, nikakua, nikaolewa, na sikuwahi kumwona twiga hata mmoja. Hifadhi ya wanyama ilikuwa jirani, lakini sisi tuliishia kupita nje ya geti.

"Nyuma ya nyumba yetu," nikamjibu.

Akafurahi sana. Mimi nilitoka pale na hasira, na sikumkasirikia yeye wala mwenye duka. Nilikasirikia wepesi wa ulimi wangu.

Jumatatu niliazima kitabu cha sayansi cha darasa la tatu, chenye picha ya twiga, nikakaa mezani na wino. Shingo yake ilinisumbua wiki nzima. Miguu niliipata siku ile ile ya kwanza.