Chumba cha Mikeka Mitatu

Juzi, kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi Chake Chake, nilipanga foleni nyuma ya bibi wa Kengeja, msukaji mikeka. Alitaka kibali cha ghorofa ya kupangisha. Karani akaifunua ramani ambayo bibi aliichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, akacheka.

"Bibi, 'chumba, mikeka mitatu' ndiyo vipimo gani?"

Bibi akailaza karatasi vizuri kwa kiganja. "Mikeka ndiyo iliyoninunulia matofali, mwanangu. Nikajenga chumba kimoja Gombani, akapanga mwalimu kutoka Bara. Kodi yake ikajenga cha pili. Leo vipo kumi na vinane, na futi sijaishika."

"Na watu wanaishi humo?"

"Wewe si unakaa cha nne, mkono wa kulia? Kodi unampa binti yangu. Kitanda kilikataa kuingia?"

Karani akainuka, akamvutia bibi kiti, kisha akaanza mwenyewe kuigeuza mikeka kuwa mita.

Nilirudi nyumbani nikaitazama shahada yangu, imening'inia ukutani kwa fahari. Ukuta ni wa mwenye nyumba.