Siku Mwanga Ulipoingia Machoni Mwetu

Mama alianza kumimina chai pembeni ya kikombe, kisha kufuta meza kwa kanga kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi. Nilipomwambia twende kliniki ya macho Karatu mjini, alikataa. Jirani yetu pale Endamarariek alikuwa amemwambia kwamba huko wanachoma sindano ndani ya jicho.

"Hawachomi, Mama. Wanapiga picha ya mishipa tu."

"Mishipa iko ndani. Wataionaje bila kunipasua?"

Tulikwenda hivyo hivyo, asubuhi ya ukungu mzito uliofanya mashamba ya mahindi yaonekane yanaelea.

Kliniki, dada aliyeendesha mashine ya picha alimwekea Mama kidevu juu ya kijisahani chake. "Bibi, tazama ile nyota ya kijani. Usipepese."

Taa ikazimwa. Mstari mwekundu ukapita polepole machoni pake, ukarudi. Hakuna kilichomgusa. Mwanga uliingia, ukatoka na habari za damu inavyotembea.

"Kunakucha," Mama akanong'ona.

Kwenye skrini zikatokea nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zimetandaa gizani. Hapa na pale palikuwa na viraka vyeusi, damu isikofika tena. Nilisahau nimesimama wapi. Nilikuwa nikitazama ndani ya macho yaliyonitazama tangu nizaliwe.

"Sasa mpige picha na huyu," Mama akasema. "Siku hizi anakunywa maji kama ng'ombe."

Nikacheka. Daktari aliyekuwa akisoma picha hakucheka, akaniashiria nikae. Nami nikaitazama ile nyota, nikahisi nazama taratibu, bila hofu. Picha yangu ilipotokea, nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika pembeni. Daktari akanitoboa kidole apime. Sukari ilikuwa juu. Mama, mwoga wa sindano, ndiye aliyenishika mkono.

"Pole, mwanangu. Tumewahi."

Baadaye Mama alitibiwa macho kwa mionzi ya leza. Uoni uliopotea haukurudi, ila uliobaki umebaki, na bado anapalilia mbaazi zake mwenyewe. Mimi nameza vidonge kila siku.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni safari ya kurudi. Mama alisinzia begani pangu. Nikafumba macho, na zile nyuzi nyeupe zikaendelea kutanda, zake na zangu, nisijue tena zipi ni za nani.