Nesi Waliyembandika Jina Utarudi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ndiye aliyenitahadharisha, pini zikiwa mdomoni: "Yule nesi akibisha kwako, anza kukunja shuka. Wodini unarudi."

Nikacheka. Nesi mwenyewe tulipanga naye ukuta kwa ukuta. Kazi yake ilikuwa kuwafuata nyumbani wagonjwa walioruhusiwa, wale ambao kompyuta ya hospitali imekadiria kuwa watalazwa tena. Anawatazama miguu, anauliza dawa, anasikiliza wanavyohema. Dalili ikionekana mapema, daktari anabadilisha dawa, mtu anabaki kwake. Lakini nani hutangaza kwamba hakuzidiwa? Waliobebwa tena ndio walioonekana. Watu wakaunganisha wenyewe: anayetembelewa, anarudi. Wakambandika jina Utarudi.

"Afadhali Utarudi kuliko Buriani," alinitania siku moja, akimpakata mwanangu.

Kisha kaka yake, seremala, akalazwa kwa ugonjwa wa moyo. Aliporuhusiwa, kompyuta ikamtaja. Nesi akatoka kazini mbio, hata sare hakuvua. Hapo ndipo alipokosea. Wifi yake alimzuia mlangoni, mwiko mkononi.

"Wifi, umekuja kama dada au kama Utarudi?"

"Nimekuja kumwona ndugu yangu."

"Na sare? Kamwone mwingine. Humu harudi mtu wodini."

Kaka mtu akasema kutoka ndani, "Nenda tu, dada. Usiniletee... nuksi." Pumzi ilimkatika katikati ya maneno. Nesi aliponisimulia aliiigiza pumzi ile, nami nikajikuta nimeshika kifua.

Tangu hapo simu zake hazikupokelewa. Kaka aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki, leo anamwita nuksi.

Jana asubuhi nesi alinikuta namlisha mtoto uji. Hakuketi.

"Wanasema damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Hawajauona mlango wa wifi yangu."

Nikampangusa mtoto mdomo.

"Wewe una mtoto, hawatakufukuza. Nenda kampe pole. Mwache mtoto atambae mpaka miguuni kwa kaka. Ukimwinua, mbonyeze kaka kifundo kwa kidole gumba, kama bahati mbaya. Shimo likibaki, maji yamemjaa. Nibipu, nimtume daktari kabla mambo hayajaharibika."

Akavuta kanga yake.

"Na tafadhali, jina langu usilitaje. Hata lile nililopewa kwetu."