Panga Nalo ni Mkono

Mama mmoja mwenye shamba la ndizi pembeni ya Butembo amefariki wiki hii. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua, na kwa kuwa safu hii ni yangu, leo ni yake. Wanaosubiri niandike juu ya wakubwa wasubiri.

Mimi mnanijua. Nilitoka hapa na viatu vya kuazima, nikajilipia masomo ng'ambo kwa kubeba mifuko ya simenti, nikarudi na diplome ya kilimo na jina la Agronome, yaani mtaalamu wa kilimo. Iko sebuleni mwangu ndani ya kioo, na sioni haya kuwaonyesha wageni. Kwa hiyo migomba ya mama huyo ilipoanza kugeuka manjano akaniita, nilipanda kilima chake kama daktari anayekuja kuokoa mji. Nilichukua panga, nikakata shina moja. Likatoa usaha wa manjano. Nikatangaza kwamba ni mnyauko, kazi ya bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba shamba lote ling'olewe. Kisha, ili aone tofauti, nikainua panga lile lile kuelekea mgomba mzima. Akanishika mkono.

— Agronome, ngoja kwanza. Ile kidudu itatembea.

— Mama, bakteria haina miguu, nikamcheka.

— Na samaki ya ziwa, kule Kyavinyonge, iko na miguu? Lakini inafika mbali. Angalia mupanga yako, iko maji-maji!

Wanawake waliokuwa wakipalilia jirani walicheka hadi wakakaa chini. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikafungua daftari langu la shule nitafute cha kumjibu. Nilikuta mchoro wa mkono wangu mwenyewe: bakteria mwenye mkia mwembamba kuliko unywele, anaouzungusha ili aogelee. Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba huogelea katika unyevu wa kidonda cha mmea, akifuata chakula chake, hadi aifikie mishipa ya maji. Humo huchukuliwa na maji, huzaana, huziba njia, na mgomba hufa kwa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo uliolowa. Mwalimu alikuwa amenipa alama zote. Mkia ule niliujua vizuri kwenye mtihani, nikausahau shambani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilirudi kumwambia ukweli, lakini nikashikilia ang'oe. Alikataa katakata.

— Hii ndizi ilisomesha batoto yangu. Sitaing'oa yote. Nitakata yenye kugonjwa, moja moja.

Akafanya hivyo. Kila shina gonjwa alilikata chini kabisa, na panga halikugusa mgomba mwingine kabla ya kupita kwenye makaa ya mbabula yake, lile jiko la mkaa. Ua la mwisho la kila mkungu, ambalo wadudu huliletea ugonjwa, alilivunja kwa mti wenye panda, bila kisu. Panga la mgeni halikuingia. Majirani walimwita mwenye majivuno, naye akawajibu: "Wakati ya Ebola tulinawa mikono ku kila barrière ya barabara. Mupanga nayo ni mukono." Shamba lile bado limesimama, na wengi waliomsema leo wananunua ndizi.

Sasa mnajua desturi yetu. Pakiwa na kilio, majirani huja na mapanga yao kukata majani na mikungu kwa ajili ya wageni. Siku ya maziko niliwaona wakija, mapanga bado yana utomvu wa mashamba mengine. Nilivuta mbabula kutoka jikoni, nikaiweka katikati ya njia ya shambani, nikasimama.

— Hapa hakuna mupanga inaingia bila kupita mu moto!

— Yee! Unatuita bachafu ku kilio? mzee mmoja akafoka. Diplome yako ndiyo inasema vile?

— Hapana, baba. Mwenye kulala mule mu nyumba ndiye anasema.

Ndipo binti wa marehemu akatoka ndani na panga la mama yake, akaliweka kwenye makaa kabla ya wote. Mzee akatukana kwa Kinande, akaliweka lake kando ya lile.

Walionuna waendelee kununa; sitaomba radhi. Diplome yangu nayo haitatoka ukutani, niliitolea jasho. Lakini siku mkinikuta shambani kwenu nikiinua panga lenye maji, msiulize nimesoma wapi. Nishikeni mkono.